Likizo ya Juni: nimeshinda siku nzima na watoto watatu nyumbani bila tuisheni, naleta mrejesho

Fundi wa Kimanga

Wakuu, habari za usiku.

Shule zimefungwa na mimi nimebaki na watoto watatu sebuleni. Wangu wa darasa la pili, mdogo wake wa awali, na wa jirani aliye darasa la kwanza, maana mama yake anauza samaki soko la Feri, Dar, na saa 10 alfajiri keshaondoka. Likizo ya Desemba niliwapeleka tuisheni ya mtaani. Walirudi na madaftari yamejaa, mwandiko mzuri kabisa, ila ukimwambia mtoto akusomee alichoandika anakutazama tu. Alikuwa ananakili ubao. Safari hii nikasema ile hela nanunulia zipu na vifungo, watoto nashinda nao mwenyewe.

Kabla hamjaniambia nina muda: mimi ni fundi cherehani. Niko nyumbani, lakini niko kazini.

Asubuhi tumeanza na chai. Maandazi yalikuwa 10, sisi wanne. Nikawaambia hakuna kula mpaka mniambie kila mtu anapata mangapi. Wakagawa moja moja kwa kuzunguka, kila mtu akapata mawili, yakabaki mawili. Hapo ndipo kesi ilipoanza. Mdogo akasema yaliyobaki ni yake kwa sababu yeye ni mdogo. Wa jirani akasema yawekwe, mama yake akirudi apewe (nilijisikia vibaya kidogo). Mkubwa akachukua kisu, akakata kila andazi katikati, akasema "nusu nne, watu wanne". Nusu hajafundishwa na mimi. Chai ilipoa lakini sikujali.

Baadaye nikatoa vipande vya katoni nilivyokata juzi, vya silabi: ma, me, ka, ki, si, mu, ti, ta, la, za na nyingine, kama 20 hivi, pamoja na "a" peke yake. Mchezo ni kuunda jina la kitu unachokiona humu ndani. Tukapata meza, kiti, taa, simu, kalamu. Wa darasa la kwanza alikuwa mzito mwanzoni, halafu akaunda "kata" ile ya kuchotea maji, akapiga makofi mwenyewe. Dakika 20 zikaenda vizuri. Dakika ya 21 akaja mteja kupimwa sketi, nikageuka. Kurudi nakuta silabi zimekuwa karata, wanacheza, mdogo analia kaliwa.

Basi nikamwita mkubwa: njoo uniandikie vipimo vya mteja. Mimi nashika futi nasoma, yeye anaandika kwenye daftari langu la kazi. Kiuno 34. Nyonga 41. Urefu 28. Mteja akaondoka. Nakaa kukata kitambaa, natazama daftari: kiuno 43.

Wakuu, ningekata ile sketi ningeshona hema. Sikumgombeza maana yule mteja namjua umbo, nilishtuka mapema. Nikamuuliza 34 na 43 zina tofauti gani, akasema "ni zile zile mama, zimebadilishana tu". Darasa la pili muhula wa kwanza umeisha, mtoto anahesabu mpaka 100 bila kupumua, kumbe kwake tatu ni tatu popote itakapokaa.

Nina ndoo ya vizibo vya soda. Tukavifunga kumi kumi kwa raba. Hapa mafungu matatu na vinne vya peke yake, pale mafungu manne na vitatu. Nikamzungushia futi kiunoni, inchi 34 mpaka hapa, 43 mpaka hapa. Alicheka sana. Halafu akanyamaza, akachukua daftari, akafuta mwenyewe. Tumerudi kwenye hilo mara tatu siku nzima, 25 na 52, 17 na 71, na bado jioni alikosea moja.

Mchana tulipima kivuli, lina swali lake nitauliza chini. Dukani nako kulikuwa na kisa, nitakieleza nikipata chaji, umeme umekatika tangu saa 1.

Swali lenyewe: mkubwa alikuwa anajua kwamba saa 6 mchana kivuli kinakuwa chini ya miguu. Tumesimamisha fimbo ya mita 1 uani tukapima kwa futi kila baada ya muda. Kivuli kikafupika, kikafupika, kikagoma kwenye sentimita 58 hivi, halafu kikaanza kurefuka. Na kilielekea upande wa uwanja wa ndege. Mtoto ananiambia nimepima vibaya. Nani mkweli?

Konda Mstaafu

Mkuu, likizo ni likizo. Sisi tulikuwa tunatoka asubuhi na manati, tunarudi usiku na magoti yamechubuka, na leo tunajua kusoma. Mwache mtoto akacheze kombolela. Mnawazeesha.

BabaMapacha

Naheshimu uzi, ila hii ni ya walio nyumbani. Mimi natoka saa 11 alfajiri, Gongo la Mboto mpaka Posta, narudi saa 2 usiku foleni ikiwa na huruma. Mama yao hivyo hivyo. Watoto wako na dada wa kazi, ambaye yeye mwenyewe kasoma kwa shida. Hayo mafungu ya vizibo nitafunga saa ngapi?

Chaki Nyeupe

Fundi, hongera. Nimefundisha madarasa ya chini miaka 31, nimestaafu, naomba nichangie kwa mpangilio wangu wa kizee.

Kwanza kivuli, maana umeulizwa na mtoto na mtoto hasubirishwi. Umepima sawasawa. Dar es Salaam iko kusini mwa ikweta, kama nyuzi 7 kasoro. Mwezi Juni jua liko mbali kaskazini, kwa hiyo hata likifika juu kabisa halikai utosini, linakuwa limeinamia kaskazini na kivuli kinaangukia kusini. Kwenu Kimanga, Tabata, uwanja wa ndege uko kusini, ndiyo maana. Fimbo ya mita 1 kuacha kivuli cha sentimita 58 wakati huu wa mwaka ni jibu safi kabisa. Jua la utosini mtalipata mwanzoni mwa Machi na tena karibu tarehe 10 Oktoba. Na usipime saa 6 kamili. Kwa Dar mwezi huu wa Juni, kivuli kinakuwa kifupi zaidi kwenye saa 6 na dakika kama 25, kwa sababu saa yetu imepangwa kwa jua lililo mashariki zaidi yetu, huko baharini. Mwambie mwanao aandike tarehe na kipimo ukutani, arudie Oktoba. Atasubiri, utaona.

Pili, 34 na 43. Kosa hilo nimeliona kwa mamia ya watoto, na wengi walikuwa wanajibu mitihani vizuri tu, kwa sababu mtihani ulikuwa unawapa namba zimeshaandikwa. Kuhesabu kwa mdomo ni wimbo. Mtoto anaweza kuimba mpaka 100 bila kujua kwamba kumi ni kitu kimoja kilichobeba vitu kumi. Vizibo ni sawa, ila umefanya jambo kubwa kuliko vizibo bila kujua: umempa namba ambayo mtu mwingine anaitegemea. Kwenye daftari la shule akikosea anapata kosi nyekundu. Kwenye daftari lako sketi inaharibika.

Tatu, huyo wa darasa la kwanza. Umesema alikuwa mzito. Mwulize herufi hii ni nini, umwonyeshe m. Akikujibu "me", hapo ndipo uzito ulipo. Anajaribu kusoma "mama" kwa kusema me-a-me-a, haifiki popote. Mwambie mmmm, kama anayeonja mchuzi. Mmm-a, ma. Anza na sauti zinazovutika: m, n, s, l. Herufi kama b, d, k hazivutiki, ziache nyuma. Tangu mtaala wa 2015 ulipoweka uzito wa madarasa hayo mawili kwenye Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, walimu wengi wanaanza na sauti, ila nyumbani wazazi bado tunaimba "a, be, che, de".

Konda, kuhusu kombolela nakuunga mkono nusu. Fundi, umewachezesha mdako?

Fundi wa Kimanga

Mwalimu shikamoo. Nimemwonyesha m sasa hivi kwa tochi ya simu. Amesema "me". Daah.

Mdako hawaujui. Wanajua katuni.

Konda Mstaafu

Nusu gani hiyo mwalimu 😂

Chaki Nyeupe

Nusu hii. Chimba kishimo, weka kokoto 12. Unarusha jiwe juu, kabla halijarudi mkononi unazivuta kokoto nje ya shimo. Unarusha tena, unazirudisha zote ila moja. Hiyo ni moja moja. Ukimaliza unaingia mbili mbili, unabakiza mbili kila mrusho. Halafu tatu tatu, nne nne. Zikiwa 12, mbili mbili zinaisha, tatu tatu zinaisha, nne nne zinaisha. Ukifika tano tano zinabaki mbili shimoni na watoto wanaanza kugombana. Ugomvi huo ni ule ule wa maandazi ya Fundi asubuhi. Kugawanya kwa baki, darasa lenyewe liko mchangani na hakuna aliyefungua kitabu. Kwa hiyo Konda, ulipokuwa unachubuka magoti ulikuwa shuleni, hukujua tu.

Na ule mchezo unakaza vidole. Siku hizi napokea mjukuu wa miaka 6 anashika penseli kama mchi. Wape wachambue mchele, wapukuchue mahindi, watunge shanga. Waandike mchangani kwa kidole kabla ya daftari. Mchanga haulalamiki ukifutwa.

Mwana Kisauni

Salamu kutoka Mombasa. Nyinyi wa Tanzania mwaka 2020 shule zilifungwa tarehe 17 Machi na mkarudi 29 Juni. Sisi watoto wa Gredi ya 1 hadi ya 3 walikaa nyumbani tangu Machi mpaka tarehe 4 Januari 2021. Wangu alikuwa Gredi ya 2. Kulikuwa na masomo ya redioni, yakitayarishwa na KICD, taasisi ya mitaala ya Kenya, na kurushwa na KBC, shirika la utangazaji la taifa, na mimi wiki ya kwanza nikachapisha ratiba ukutani: saa 2 Hisabati, saa 3 Kiswahili, saa 4 Mazingira, kengele na kila kitu. Siku ya nne mtoto aliificha redio chini ya kitanda.

Kilichonisaidia baadaye ni kuacha ratiba ya masaa na kushika ya mambo. Tukitoka kuteka maji tunahesabu. Mtungi wa lita 20, kidumu cha lita 5 kinaingia mara ngapi, na chupa ya nusu lita? Alibahatisha 10. Tulipofika chupa ya 40 alikuwa amelowa na hajasahau mpaka leo.

Ila na nyinyi msiipe shule lawama yote. Kwetu kila wiki inakuja kazi ya nyumbani ya gundi, katoni na picha, mzazi ndiye anayekata na kubandika mpaka saa 5 usiku, mtoto kalala. Anayepata alama hapo ni nani?

Bint Pangani

Naomba na mimi niseme ingawa sipo huko. Niko Muscat, nafanya kazi za ndani, mwanangu wa miaka 7 yuko Tanga kwa bibi yake. Baba mapacha, wewe unawaona usiku. Mimi nina simu tu.

Nilikuwa nampigia kwa video anisomee kitabu. Anasoma vizuri, bibi anafurahi, mimi nalia kwa furaha. Siku moja mtandao ukawa mbaya, picha ikaganda, nikamwambia geuza ukurasa urudi nyuma kidogo. Sauti ikaendelea kusoma ukurasa ule ule, kumbe kitabu keshakifunga. Alikuwa amekikariri chote.

Siku hizi nafanya hivi. Namwomba asome neno la mwisho la mstari, halafu la katikati, halafu la kwanza. Hapo hakuna wimbo wa kumbeba. Na mimi namtumia ujumbe wa sauti wa hadithi, naanza "Paukwa", yeye ananirudishia "Pakawa" kwa sauti yake, ndipo namtumia kipande kinachofuata. Hadithi moja inaweza kwenda siku tatu kwa sababu ya kazi. Yeye anaandika kwenye karatasi anachofikiri kitatokea, bibi anapiga picha. Mwandiko unapanda na kushuka kama mawimbi, ila ni maneno yake. Simsahihishi yote. Nasahihisha moja tu, mengine namjibu kama barua.

Sisi tuko mbele saa moja. Nikimaliza jikoni huko kwenu watoto wamelala, kwa hiyo akiamka ndipo anakuta sauti yangu.

BabaMapacha

Dada umeninyamazisha. Sina la kusema.

Fundi wa Kimanga

Bint Pangani, jirani yangu karudi kutoka Feri, nimemsomea bandiko lako, ameomba nimfundishe kutuma ujumbe wa sauti.

BabaMapacha, swali lako lilikuwa la haki na sikutaka lipite. Jirani yangu hawezi kukaa na mtoto mchana, lakini jioni anapanga noti na sarafu za mauzo. Jana nimemwambia amwite mtoto apange naye: za 50 huku, za 100 huku, za 200, za 500. Ni dakika 10 na kazi yenyewe ilikuwa lazima ifanyike. Wewe ukirudi saa 2, si kuna kula? Mwulize mmoja wa mapacha saa ya ukutani inasema nini. Kuna kichekesho hapo. Mshale mfupi uko kwenye 8 na sisi tunasema saa 2. Wangu alilia siku ya kwanza, akasema saa ni mwongo. Nikamwonyesha: tazama namba inayotazamana nayo upande wa pili. 8 inatazamana na 2, 9 na 3, 10 na 4. Mshale mrefu hauna shida, huo usome ulivyo. Dakika mbili tu na wali haujapoa.

Mwana Kisauni

Hiyo ya kutazamana naichukua, asante. Mwalimu, na "ng'" je? Wangu "ng'ombe" anasoma kama "ngoma", kila siku.

Chaki Nyeupe

Usihangaike nayo mapema. Nilikuwa naziacha ng', ny, mbw, ndw na wenzake mpaka mtoto asome silabi za herufi mbili kwa wepesi, bila kugugumia. Ukifika hapo mpe neno moja la kila upande alijue kwa picha: ngazi na ng'ombe. Kila akikutana na neno jipya aulize, hili ni la ngazi au la ng'ombe? Kile kikoma cha juu mwambie ni pembe ya ng'ombe. Hawasahau pembe.

Ukimwona anachanganya b na d, huyo ni wa kawaida kabisa katika umri huo. Akiendelea hivyo mpaka darasa la tatu na anachoka haraka akisoma, mpeleke apimwe macho kabla hujamwita mvivu. Nilikuwa na mtoto nyuma ya darasa nikimchapa kwa kutonakili. Miwani ilipokuja alinakili yote. Huyo bado namkumbuka.

Konda Mstaafu

Fundi, chaji imerudi? Dukani ilikuwaje? Nimevumilia hesabu za vivuli nasubiri hiyo.

Fundi wa Kimanga

😂 Haya.

Saa 10 jioni nilitaka vitu vya nyumbani. Nikamwambia mkubwa achukue karatasi aandike ninavyotaja, aende nayo dukani, asiseme kwa mdomo, amkabidhi mwenye duka karatasi tu. Nikataja: chumvi, kiberiti, nyanya za 500, sabuni ya kipande. Nikampa 2,000, nikamwambia chenji inayorudi ni 400, aihesabu palepale dukani kabla hajaondoka. Wale wawili wakamfuata kama walinzi.

Wamerudi. Vitu vyote vimo. Chenji nahesabu: 300.

Nikauliza 100 iko wapi, akasema hajui, mwenye duka ndiye kahesabu. Nikataka kwenda dukani kugombana, nikasema ngoja nione hiyo karatasi. Mstari wa kwanza: "cumvi". Wa pili: "kibeliti". Wa tatu: "nnya 500". Wa nne: "sabni".

Wa tano, ambao mimi sikuutaja, umeandikwa kwa herufi zilizonyooka, haujaruka silabi hata moja: "pipi mbili".

Konda Mstaafu

Mbili? Si walikuwa watatu?

Fundi wa Kimanga

Nimemuuliza hivyo hivyo. Amesema moja waligawana wale wawili. Nusu nusu.